Mama Mkwe Hatazamwi

Tangu Jumatatu ya Pasaka mama yangu alikuwa akimtazama Venant machoni, na hilo ndilo lililokuwa likiniliza.

Wewe uliye mbali utauliza, kutazamwa kuna ubaya gani? Ngoja nikueleze. Kwetu Uvira, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani. Kijana akishakubaliwa, mama wa binti anamkwepa kwa heshima. Wakikutana njiani, mama anavuta kikwembe alichojitanda, anajifunika kichwani na kugeuza mgongo mpaka kijana apite, na akiwa na neno la kumwambia analipitisha kwa mtu mwingine, hata kama wamesimama hatua tatu tu. Shangazi yangu Apollinarie aliwahi kujibanza kwenye migomba huku mvua ikimnyeshea, kisa mume wa binti yake amesimama njiani anapiga soga na rafiki. Alitoka amelowa chapachapa, anacheka. Alikuwa na mkwe, bwana, na dunia nzima ijue.

Sasa mama yangu, Mama Pétronille, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, ambaye soko zima lilimjua kwa ulimi wake, alimkazia Venant macho kama askari anayekagua mzigo. Kila akimtazama ilikuwa ni kumwambia: wewe si kitu kwangu. Na Venant maskini, aliyelelewa vizuri kwao Luvungi, akiinamisha uso kwa heshima, mama anamkemea:

"Inua uso! Nani amekuambia weye ni mukwe wangu?"

Siku hiyo ya Pasaka wajomba zake walileta kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi ya kuposea. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akawashukuru, akawarudishia kimejaa vilevile.

"Mutoto wenu iko muzuri," aliwaambia. "Lakini ni muntu wa karatasi. Minye mwenyewe, karatasi ilishanikulia bwana."

Baba yangu, Mzee Basile, alikuwa karani. Mwaka wa kwanza wa uhuru, siku zile ambazo kila mwenye bunduki alikuwa serikali, watu wawili walimfuata nyumbani asubuhi. Walisema anahitajika kidogo tu, kuna barua ya kusoma. Baba alivaa koti, akachomeka kalamu mfukoni, akaniambia nisimmalizie mkate wake. Hakurudi. Hatukuletewa maiti wala habari. Tangu hapo mama anapakua sahani tatu kila jioni, na tuko wawili.

Katika nyumba hiyo ndimo nilimopendea mwanafunzi wa biashara wa chuo kikuu cha Léopoldville, mwenye kalamu mbili mfukoni. Moyo hauna adabu hata kidogo.

Ilikuwa Mei, mwaka 1964. Waasi walikuwa wameshuka milimani na kuenea bonde lote la Ruzizi. Kutoka Luvungi mpaka Kamanyola hakuna lori lililopita, na barabara ya Bukavu ilikuwa kama haijawahi kulimwa. Venant alikuja kwa likizo ya wiki mbili, akakwama kwa mjomba wake, mtaani Mulongwe, majuma sita. Habari zilizotufikia zilikuwa za namna moja: watu wa kalamu ndio wanaotafutwa kwanza. Karani, mwalimu, mwanafunzi. Ukikutwa na karatasi za Kifaransa nyumbani, hakuna wa kukutetea.

Asubuhi tuliposikia milio ya kwanza ya bunduki upande wa uwanda, Venant alikuja kwetu amebeba kifuko cha kubebea mihogo. Mama alikuwa uani anachagua ndagala. Aliinua macho, akamkazia.

"Umefuata nini?"

"Jambo, mama."

"Jambo ya nini, na bunduki zinalia? Sema."

Venant aliangalia vidole vyake vya miguu. "Mama, Hyacinthe muvuvi anavuka ziwa kwenda Usumbura leo, mbele ya jua kufika kichwani. Ameniwekea nafasi mbili kwenye mtumbwi."

"Nafasi mbili? Weye uko muntu mumoja."

"Naomba Sidonie, mama."

Nilikuwa nimeshika ufagio. Niliushika kwa nguvu mpaka vijiti vikalia.

"Nilishajibu wajomba zako," mama alisema. "Sijibu mara mbili. Nenda salama, Mungu akuchunge. Na mu kifuko muko nini?"

"Madaftari yangu ya chuo. Nikiyachoma kwa mjomba, majirani watauliza moshi wa karatasi unatoka wapi. Lakini jiko la mama hakuna muntu anauliza."

Mama alitupa jicho jikoni. "Kumbe iko na akili. Weka pale."

Venant aliweka kifuko karibu na mafiga, na alipoinuka macho yetu yakakutana. Alikuwa amekonda majuma yale sita. Kola ya shati ilikuwa imefuliwa mpaka imechanika pembeni, na pale kwenye mfuko wa kifua hapakuwa na kalamu tena. Nilitamani kwenda kuishona kola ile, hapo hapo, mama akiona. Venant alinitazama kama mtu anayesoma ukurasa wa mwisho na hataki kufunga kitabu, kisha akatoka.

"Choma," mama akaniambia, akiinjika maji.

Nilichana ukurasa wa kwanza. Nilipotaka kuutia motoni, mama akanishika mkono.

"Weye! Unachoma kitu ya muntu bila kujua ni nini? Soma kwanza."

"Mama, hatuna wakati."

"Maji bado ya baridi. Soma."

Basi nikasoma. Venant aliandika kwa Kifaransa. Mimi nilisomeshwa na masista, nikawa namgeuzia mama kwa Kiswahili, na kila ukurasa ukiisha naulisha moto.

"'Hapa chuoni,'" nilisoma, "'tunakula maharage saa sita, saa saba tunagawana dunia. Meza ya dirishani ni ya Amerika. Meza ya karibu na jiko ni ya Moscou. Jana wenzangu wawili walitaka kupigana ngumi juu ya Cuba, na hakuna hata mmoja anayejua samaki wa Cuba wanaliwaje.'"

"Moscou ni nani?"

"Ni mji, mama. Wa Warusi."

"Na banakula maharage ya nani, hao batoto?"

"Ya serikali."

"Eeh! Ukila bure, unapata nguvu ya kugawa dunia. Endelea."

Nikachoma, nikachana mwingine. "'Leo profesa ametufundisha kwamba bidhaa ikiwa nyingi, bei inashuka. Nikainua mkono, nikamwambia kwetu Uvira giza la mwezi likiingia ndagala zinajaa ufuoni, lakini wako wanawake wanaozianika mchangani na kungoja mwezi mkubwa, wavuvi wasipopata kitu. Hapo ndipo wanauza. Profesa akauliza niliisoma katika kitabu gani.'"

Mama aliacha kuchochea. "Nani alimwambia ile?"

"Alikuona weye, mama. Likizo ya mwaka jana alikuwa anakaa pale kwenye jiwe, anakuangalia ukianika."

"Nilifikiri anakuangalia weye."

"Minye pia nilifikiri hivyo," nikasema, na nilikuwa nimekasirika kweli.

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza majuma yale. Kisha bunduki zikalia tena, karibu kidogo, akanionyesha kifuko kwa kidevu.

Daftari la pili, la tatu. Bei ya pamba ya Luvungi, aliandika Venant, inapangwa na watu ambao ukiwatajia Luvungi watauliza kama ni chakula. Siku ya uhuru, aliandika akikumbuka, alicheza mpaka soli ya kiatu ikaachia, akarudi chumbani pekupeku, na asubuhi yake akajiuliza nani atashona viatu vya nchi nzima. Wakubwa wa dunia wanazungumza juu ya Congo kama ndugu wanaogombania shamba la marehemu, na marehemu bado anapumua. Mama alisikiliza yote. Mahali pengine aliguna, mahali pengine alisema "kweli", na karatasi zikaendelea kuwa majivu. Roho iliniuma. Miaka mitatu ya kichwa cha mtu ninayempenda iliishia kuchemsha maji ya ugali.

Daftari la nne lilikuwa limebaki na kurasa chache. Nilianza moja bila kuitazama.

"'Leo wamebishana nani anatawala dunia. Wametaja marais, majenerali, benki. Mimi nilinyamaza. Nilimkumbuka Mama Pétronille wa Uvira. Jioni anapakua sahani tatu, na nyumbani wako wawili. Hakuna mkubwa yeyote wa dunia anayejua habari ya sahani ile, na hao ndio wanaoamua lini itajaa na lini itabaki tupu. Najua hatataka kunipa binti yake, na sina hasira naye. Lakini siku atakaponipa, nitamwomba jambo moja. Sahani ile isiondolewe. Hata tukihama mara kumi, iwekwe. Mzee Basile akirudi, akute chakula na kiti.'"

Mama alikuwa amechuchumaa, mwiko mkononi, haukorogi kitu.

"Rudia," akasema.

Nilirudia, polepole, neno kwa neno. Nilipomaliza nikaupeleka ukurasa motoni kwa mazoea, na mama akaunyakua kutoka vidoleni mwangu. Aliukunja mara nne, akaufunga kwenye pindo la kikwembe chake, mahali anapofungaga vitu vyake.

"Hii haichomwi."

"Mama! Bakiipata kwako?"

"Basi? Minye sijui kusoma. Bataniuliza nini?" Aliinuka, akajikung'uta majivu. "Nenda umusindikize muntu yako. Vaa viatu vya misa."

"Viatu vya misa kwenye mchanga?"

"Sidonie, usinichoshe. Nenda. Minye nakuja nyuma."

Nilikwenda. Njia nzima nilikuwa najiambia: anakuja kuhakikisha sipandi. Namjua mama yangu.

Hyacinthe alikuwa ameshausukuma mtumbwi majini, pua yake tu imekalia mchanga. Alikuwa amepakia magunia ya ndagala kavu na kuyafunika kwa mkeka mkubwa. Venant alisimama ndani ya maji mpaka magotini, suruali imekunjwa.

"Umechoma?" aliniuliza.

"Nimechoma."

"Yote?"

"Ukurasa mumoja mama amekataza. Ule wa sahani."

Alishika kichwa. "Mungu wangu! Sidonie, ulimusomea ile?"

"Nilisoma yote. Na nimehesabu, ujue. Madaftari mane! Amerika imepata kurasa kumi na moja. Warusi tisa. Minye, weye Venant, minye nimepata mistari mitano!"

Nilitaka iwe mzaha, lakini ilitoka kama mashitaka.

"Dunia niliandika sababu nilikuwa naogopa kuisahau," alisema. "Weye, ningekuandika ya nini?"

Nilitoa kitambaa changu cha mkononi nikamfunga shingoni kufunika ile kola iliyochanika, na vidole vyangu vikakawia hapo. Shingo yake ilikuwa ya moto. Alinishika viganja vyote viwili.

"Twende, Sidonie. Nafasi yako ile pale, karibu na magunia. Tukifika Usumbura, masista watakupokea, na minye nitangoja mpaka mama akubali. Nitangoja hata miaka. Lakini nitangoja nikijua uko muzima."

"Siendi."

"Juu ya nini? Unasikia bunduki?"

"Nasikia. Siyo kiziwi." Machozi yalishaanza, nikayaacha. "Baba alitoka nyumbani bila kuaga vizuri, na mama anamupakulia mpaka leo. Nikitoka vile vile, leo jioni atapakua sahani mbili za bantu ambao hawako. Siwezi, Venant. Nakupenda mpaka kichwa kinaniuma, lakini bila mama kunitoa kwa mkono wake, siendi."

Aliniachia viganja. Hakugombana. Aliitikia kwa kichwa tu, mara mbili, kama mtu anayekubali hesabu ambayo haipendi.

"Basi kaa," alisema. "Kaa na mama. Usitembee njia ya barabara kubwa. Na muntu akikuuliza kama unajua kusoma, sema hapana."

"Venant!" Hyacinthe aliita. "Jua haikungojei, ndugu yangu!"

Hapo ndipo nilipomwona mama. Alikuwa anashuka njia ya ufuoni na furushi kichwani, anatembea haraka kwa ile miguu yake mifupi. Venant naye alimwona. Kwa mazoea ya majuma sita akainamisha uso, kisha akauinua mwenyewe, kwa kuwa alijua atakemewa.

Mama alifika hatua kama ishirini kutoka majini. Akasimama. Alimwona Venant, uso kwa uso.

Akavuta kikwembe, akajifunika kichwa mpaka machoni. Akageuka, akatupa mgongo.

"Umeona?" Venant alisema kwa sauti ya chini. Uso ulikuwa umemwanguka. "Hata kunitukana hataki tena. Amenipa mgongo." Akashika ukingo wa mtumbwi. "Sukuma, Hyacinthe."

Mtu alikaa miaka mitatu anagawana dunia mezani, na heshima ya kwao imemjia usoni asiitambue! Sikumlaumu. Mtu aliyezoea kufukuzwa, hata akifunguliwa mlango anadhani anapisha wengine. Mimi mwenyewe nilibaki mdomo wazi, mpaka mama aliposema, mgongo wake ukiwa kwetu, akiongea na milima:

"Sidonie! Umuulize mukwe wangu kama amekula."

Venant aliachia mtumbwi.

"Sidonie, unasikia? Umuulize."

"Venant," nilisema, "mama anauliza kama umekula."

Alianguka magoti majini na suruali yake yote. "Umwambie mama," alisema akiangalia maji, "umwambie nimeshiba."

"Mama, anasema ameshiba."

"Anadanganya. Umwambie mu furushi iko ugali na ndagala." Mama alishusha furushi, akaliweka mchangani nyuma yake bila kugeuka. "Tena iko na sahani. Moja nimechukua, moja nimeacha. Mzee atokee Uvira, atokee Usumbura, atakuta chakula. Umwambie aliandika, basi afanye."

Nilikimbia na viatu vyangu vya misa mpaka kwake, nikamkumbatia kwa nyuma. Alinuka moshi wa madaftari. Nilijaribu kuzunguka mbele nimwone uso, akakibana kikwembe.

"Twende sote, mama."

"Baba yako akirudi, atamukuta nani?"

"Mama, tafadhali."

"Sidonie." Alishika mikono yangu iliyomzunguka tumboni. "Minye nauza ndagala. Hata waasi banakula ndagala. Hakuna muntu anatafuta mama ya ndagala. Lakini weye unajua kusoma. Basi nimekutoa. Kwa mkono yangu. Nenda na bwana yako."

Na alinisukuma, kwa mkono wake kweli, akiwa bado amegeukia milima.

Sijui nilifikaje kwenye mtumbwi. Nakumbuka Hyacinthe akiweka furushi mapajani mwangu na Venant akisukuma, kisha akapanda amelowa mpaka kifuani. Mchanga ukaanza kuwa mbali. Mama alikuwa bado amesimama vilevile, mgongo wake mpana, kikwembe cha kijani kichwani. Nilimngoja ageuke. Halafu nikaelewa: hatageuka. Mkwe wake yuko mtumbwini, ananikaribia bega kwa bega. Akigeuka kunitazama mimi, atamtazama na yeye. Amenipa mume, na bei yake ni kwamba hataniona nikiondoka.

"Mama hageuki," nilimwambia Venant. Nilikuwa nalia kama mtoto. "Juu yako. Hawezi kunitazama sababu uko hapa!"

Venant alitazama ufuo, kisha akanitazama mimi. Aliinua mkeka wa Hyacinthe, akajilaza kifudifudi katikati ya magunia, kijana wa chuo kikuu, na kujivutia mkeka mpaka ukamfunika nywele na visigino.

"Mwambie sasa," sauti ikatoka chini. "Mwambie siko tena."

Nilisimama, mtumbwi ukayumba, Hyacinthe akanilaani.

"Mama! Mukwe wako amejificha! Geuka! Haonekani hata ukucha, geuka!"

Kwanza hakutikisika. Kisha akafunua kikwembe kidogo, akachungulia juu ya bega kama anayeogopa kudanganywa, akaona mkeka, akaniona mimi.

Mama akageuka.

Hakulia, au sikuona. Alinitazama kuanzia miguu, polepole, mpaka juu, kama alivyonikagua kila Jumapili kabla ya misa. Halafu akainua mkono, akagusa kichwa chake, akaninyooshea kidole. Kilemba changu kilikuwa kimelegea. Nikakifungua, nikakifunga upya, nikakaza. Akaitikia kwa kichwa: sawa.

Hyacinthe alipiga kasia. Nilibaki nimesimama, kijani kile kikawa kidogo, kikawa kama jani, na moshi ukaanza kupanda upande wa uwanda.

Jua lilikuwa kali. Chini ya mkeka lazima palikuwa pakiwaka, na harufu ya ndagala kavu ni ya kuua mtu. Baada ya muda mrefu nilisikia sauti yake.

"Sidonie. Bado anaangalia?"

Uvira ilikuwa imeshapotea, imebaki milima tu. Nikakaa karibu na magunia, nikaweka mkono juu ya mkeka, mahali nilipokisia kichwa chake kipo. Maadamu amejificha, mama alikuwa bado ananitazama.

"Bado," nikamwambia. "Usiinuke."